Jinsi ya kuchagua kiwambo cha tarakilishi kwa kazi za nyaraka na ramani

Katika wadi ya Chewele, eneobunge la Bura, Kaunti ya Tana River, kazi nyingi zilizofanywa kwa karatasi sasa hufanywa kwa tarakilishi. Vyeti na leseni huombwa kupitia eCitizen, kodi hulipwa kupitia iTax, barua za zamani za ugavi wa mashamba hupigwa picha na kuhifadhiwa, na mto Tana, ambao haujawahi kukubali kukaa katika mkondo mmoja, hutazamwa kutoka angani kwa picha za setilaiti. Jambo la kushangaza ni kwamba kiwambo, yaani kile kioo ambacho macho hukitazama tangu asubuhi hadi jioni, mara nyingi hununuliwa mwisho kabisa, kwa fedha zilizosalia baada ya kila kitu kingine kulipiwa.

Eneo hili lina sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hilo kwa uzito. Mradi wa unyunyizaji maji wa Bura, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka wa 1977, ulipokea familia zake za kwanza mwaka wa 1981, na kila familia ilikusudiwa kupewa takriban hekta 1.25 za shamba. Maji yalivutwa kwa pampu kutoka mtoni huko Nanigi. Pampu ziliposhindwa na mradi kuzorota, mathenge uliyavamia mashamba, na wakati kilimo kilipofufuliwa miaka mingi baadaye, wengi walibaki na ushahidi mmoja tu: karatasi iliyopigwa chapa, iliyofifia, yenye nambari ya ploti. Tarakimu 3 ikisomwa kuwa 8 kwenye karatasi ya namna hiyo, mkulima aweza kujikuta anaandikwa katika shamba la jirani yake.

Maduka hutangaza viwambo kwa idadi ya vitone vyake, ambavyo mafundi huviita pikseli. Kiwambo chenye maandishi "Full HD" kina safu 1080 za vitone, kila safu ikiwa na vitone 1920, jumla yake ikiwa 2,073,600. Kinachofuata kwa ukubwa, chenye 2560 kwa 1440, kina vitone 3,686,400. Kile kiitwacho 4K kina 3840 kwa 2160, yaani vitone 8,294,400, ambavyo ni mara nne kamili ya vile vya Full HD. Vipo pia viwambo vya 5K vyenye vitone zaidi ya milioni 14, lakini hivyo vinahitaji tarakilishi ambazo ni nadra kuonekana katika ofisi za mashinani, na havitajadiliwa hapa.

Idadi hiyo peke yake haimwambii mnunuzi kama herufi zitakuwa safi. La muhimu ni jinsi vitone vilivyosongamana. Vitone vya Full HD vikitandazwa juu ya kioo cha inchi 24, kila inchi hupata vitone 92. Vitone hivyo hivyo vikitandazwa juu ya kioo cha inchi 27, kila inchi hubaki na 82 tu, na herufi huonekana kama zimeshonwa kwa uzi mnene. Hapa ndipo wengi hupunjwa. Mtu huona kioo kikubwa kinauzwa kwa bei ya kile kidogo, akafurahi, kumbe amenunua picha ile ile iliyovutwa. Kioo cha inchi 27 chenye 2560 kwa 1440 kina vitone 109 kwa kila inchi. Cha 4K chenye ukubwa huo huo kina 163. Na cha 4K cha inchi 32 kina 138.

Jicho nalo lina mpaka wake. Jicho zima, lisilo na kasoro, likiwa umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, huweza kutenganisha vitu vilivyopishana kwa takriban sehemu 17 za mia za milimita. Vitone vya Full HD kwenye inchi 24 vimepishana kwa milimita 0.28, hivyo jicho huviona na kuona ngazi kwenye mikunjo ya herufi. Vitone vya 4K kwenye inchi 27 vimepishana kwa milimita 0.16, chini kidogo ya mpaka huo, na kwa hiyo hutoweka. Kinachobaki ni herufi inayofanana na ile ya kitabu. Kupita hapo ni kulipia vitone visivyoonekana. Aliyevuka umri wa miaka 40 na kuanza kusogeza gazeti mbali ili alisome atapata nafuu kubwa zaidi kutoka kwa miwani kuliko kutoka kwa kiwambo chochote, na hakuna mwuza duka atakayemwambia hivyo.

Mfano wa ukurasa mmoja wa A4 unaeleza mengi. Ukurasa huo ukipitishwa kwenye mashine ya kunakili picha kwa kiwango cha kawaida cha vitone 300 kwa inchi, hutoa picha yenye vitone 2480 kwa 3508. Ili uonekane wote kwa mara moja kwenye kiwambo cha Full HD chenye safu 1080 tu, ni lazima upunguzwe hadi chini ya theluthi ya ukubwa wake. Herufi ndogo kama "a" au "e" iliyopigwa kwa chapa ya kawaida hubaki na vitone sita au saba vya kimo, na karatasi ikiwa imefifia, 3, 8 na 6 huanza kufanana. Kwenye 4K ukurasa huo hupata safu 2160, herufi hupata vitone 13 hivi, na tarakimu hutengana. Karani wa Full HD bado anaweza kuukuza ukurasa na kuusoma kipande kwa kipande. Hilo hufanyika kila siku. Ila anayesoma barua 60 kwa siku huchoka kukuza na kusogeza, na kosa huingia saa hiyo ya uchovu.

Ukubwa wa kioo pia una hesabu yake, nayo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Karatasi ya A4 ina kimo cha sentimita 29.7. Kiwambo cha inchi 24 kina kimo cha takriban sentimita 29.9, kwa hiyo karatasi hujaa mpaka ukingoni, na vitufe vya programu vikichukua nafasi yao, inabidi ipunguzwe. Cha inchi 27 kina kimo cha sentimita 33.6 na upana wa karibu 60. Karatasi mbili hukaa hapo bega kwa bega kwa ukubwa wake halisi, moja ya zamani na moja mpya, na bado nafasi hubaki. Kwa ofisi inayolinganisha nyaraka, hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kupendelea inchi 27, hata kabla ya kuzungumzia vitone.

Kwa upande wa ramani mambo hubadilika kidogo. Setilaiti za Sentinel-2 za mpango wa Ulaya wa Copernicus, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka wa 2015, hutoa picha bila malipo, na katika picha hizo kitone kimoja ni mraba wa mita 10 ardhini. Kiwambo cha Full HD kinachoonyesha kila kitone cha picha kwa kitone kimoja cha kioo hufunika eneo la kilomita 19.2 kwa 10.8. Cha 4K hufunika kilomita 38.4 kwa 21.6. Anayetaka kuona jinsi maji ya mafuriko yalivyotambaa kutoka mtoni hadi kwenye mifereji na makazi huweza kuuona mkondo mrefu kwa mtazamo mmoja, bila kuburura picha huku na kule na kusahau alichokiona mwanzo. Kwa watu wa Tana River, ambao mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 yaliwatoa makwao, manufaa ya kuona eneo zima kwa pamoja hayahitaji kuelezwa.

Lakini kiwambo hakiwezi kuongeza kitu ambacho setilaiti haikukiona. Shamba la hekta 1.25 katika picha hiyo lina vitone 125 tu, vyovyote kioo kitakavyokuwa. Ukilikuza kwenye 4K, utaona miraba mikubwa yenye rangi, wala hutaona mstari wa mpaka. Atakayenunua kiwambo ghali akitumaini kutatua mgogoro wa mipaka kwa picha za bure za angani amepotea njia. Kazi hiyo ni ya mpimaji ardhi. Kiwambo humsaidia mpimaji huyo anapoirudisha ramani yake ofisini na kuichora upya.

Baada ya kioo chenyewe, swali gumu zaidi ni kama tarakilishi iliyopo itaweza kukilisha. Kiwambo cha 4K kinachopokea picha mara 60 kwa sekunde huhitaji takriban vitone milioni 498 kila sekunde, na kila kitone hubeba biti 24 za rangi. Hiyo ni karibu biti bilioni 12 kwa sekunde zinazopita kwenye kebo moja nyembamba. Historia ya viwambo hivi ni historia ya kebo zilizochelewa. IBM ilipotoa kiwambo chake cha T220 mwaka wa 2001, chenye inchi 22 na vitone 3840 kwa 2400, hapakuwa na kebo moja duniani iliyoweza kukihudumia ipasavyo. Ilibidi kiunganishwe kwa kebo kadhaa kwa pamoja, na bado picha ilibadilika polepole. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola, na wanunuzi wake walikuwa maabara na hospitali.

Leo shida hiyo imepungua bila kwisha. Tundu la HDMI la toleo la 1.4, lililotolewa mwaka wa 2009, hupitisha picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde. Kielekezi cha kipanya huonekana kikijikokota, na ukurasa ukisogezwa hurukaruka. Toleo la 2.0 la mwaka wa 2013 ndilo lililofikisha mara 60. Kwa macho, matundu ya matoleo haya mawili hayatofautiani hata kidogo, na hakuna kilichoandikwa ubavuni. Tundu la DisplayPort, lile lenye kona moja iliyokatwa, lilifikia uwezo huo mapema kwa toleo lake la 1.2.

Tofauti hiyo ina thamani kubwa kwa mnunuzi wa mashinani, kwa sababu tarakilishi nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu nchini ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo wauzaji wa Nairobi huziita "ex-UK". Zile zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, kilichotoka mwaka wa 2013, huweza kutoa 4K mara 60 kwa sekunde kupitia DisplayPort, ilhali tundu lao la HDMI haliwezi. Kwa hiyo mtu mwenye tarakilishi ya miaka kumi iliyopita huenda asihitaji kununua kadi mpya ya picha. Anahitaji kuinama nyuma ya kasha, kulitafuta tundu lenye kona iliyokatwa, na kununua kebo inayolingana nalo. Kebo hiyo hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kiwambo. Tarakilishi yenye tundu la VGA pekee, lile la samawati lenye matundu 15 lililobuniwa na IBM mwaka wa 1987, haifai kabisa kwa kazi hii. VGA hutuma picha kama mawimbi, na kadiri vitone vinavyoongezeka ndivyo herufi zinavyopata ukungu.

Vigeuzi navyo huleta utata. Kigeuzi cha bei ya chini kinachotoa DisplayPort kwenda HDMI huirudisha picha kwenye kasi ile ile ya mara 30. Tena, hufanya kazi kwa upande mmoja tu: kutoka tundu la DisplayPort la tarakilishi kwenda tundu la HDMI la kiwambo. Kukigeuza kinyume hakuleti picha yoyote, na wengi wamewahi kudhani kiwambo kimekufa kwa sababu hiyo. Viwambo vya siku hizi vinavyotangazwa kuwa na USB-C vimekusudiwa zaidi vipakatalishi. Mwenye tarakilishi ya mezani hana sababu ya kulipia tundu hilo.

Mnunuzi wa tarakilishi za kizazi hicho akumbuke pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 mwezi wa Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa hizo. Atalazimika kuhamia Linux au kupanga kubadili kasha mapema. Hilo linatoa hoja ya kutumia fedha zaidi kwenye kiwambo kuliko kwenye kasha kuukuu, kwani kiwambo kizuri huweza kuhudumia tarakilishi mbili au tatu zinazofuatana.

Mara ya kwanza 4K inapowashwa kwenye inchi 27, wengi hushtuka: maandishi yamekuwa madogo kama chungu. Dawa yake ni kuiamuru Windows ikuze kila kitu kwa asilimia 150. Ukifanya hivyo, nafasi ya kazi inalingana na ile ya 2560 kwa 1440, lakini kila herufi imechorwa kwa vitone vingi zaidi. Ukikuza kwa asilimia 200, nafasi inakuwa ile ile ya Full HD, na herufi zake ni safi mno. Windows 7 haikuimudu kazi hii vyema, Windows 8.1 ya mwaka wa 2013 ndiyo iliyoanza kukipa kila kiwambo kipimo chake. Programu kongwe, hasa za uhasibu zilizoandikwa kabla ya hapo, huenda zikabaki na vitufe vidogo au herufi zenye ukungu. Ofisi inayotegemea programu kama hiyo inapaswa kuijaribu kwenye kiwambo cha mtu mwingine kabla ya kutoa fedha.

Kwa sababu hizi, kiwambo cha inchi 27 chenye 2560 kwa 1440 ndicho kinachofaa wengi kuliko vyote. Hakihitaji kukuziwa herufi, hupokea picha mara 60 kwa sekunde hata kupitia HDMI ya zamani, na kinaonyesha kurasa mbili kwa wakati mmoja. 4K iachiwe wale ambao kazi yao ni kusoma nakala zilizofifia au kuchora ramani. Kwao tofauti ya bei hurudi. Duka la huduma za mtandao linalojaza fomu za wateja halihitaji zaidi ya Full HD ya inchi 24, na mwenye duka anayeambiwa vinginevyo anauziwa fahari.

Suala la umeme lingeweza kubadilisha uamuzi huo. Kadiri vitone vinavyosongamana, ndivyo nafasi ya mwanga kupenya inavyopungua, na taa za nyuma ya kioo hulazimika kuwaka kwa nguvu zaidi. Kiwambo cha Full HD cha inchi 24 hutumia takriban wati 20, cha 4K cha inchi 27 wati 40 hivi. Palipo na stima ya gridi tofauti hiyo ni ndogo. Palipo na kawi ya jua hali ni nyingine. Betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1200, na nusu yake tu ndiyo inayofaa kutumiwa ili betri isife mapema. Tarakilishi ndogo ya wati 60 pamoja na kiwambo cha wati 20 itafanya kazi kwa saa saba na nusu. Ikiunganishwa na kiwambo cha wati 40 itafanya kazi kwa saa sita, bila kuhesabu kinachopotea kwenye inveta. Saa moja na nusu ni wateja wengi katika duka la mashinani. Kupunguza mwangaza wa kioo hadi nusu huokoa sehemu kubwa ya hasara hiyo, na macho hushukuru pia usiku.

Stima nayo hupanda na kushuka. Viwambo vingi huja na adapta inayopokea kati ya volti 100 na 240, hivyo kushuka kwa umeme si hatari kubwa kwake. Kinachoua ni ule mshtuko wa umeme unaporudi ghafla baada ya kukatika. UPS ndogo iliyonunuliwa kwa ajili ya kasha itumike kwa kiwambo pia. Si busara kuokoa faili huku kioo kimezima na hakuna anayeona anachokiokoa.

Joto la Tana River hupita nyuzi 30 kwa siku nyingi za mwaka, na chini ya paa la mabati lisilo na dari huwa kali zaidi. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 40 kuwa kikomo cha kutumia kiwambo. Kisisukumwe ukutani mpaka matundu ya hewa ya mgongoni yazibwe. Vumbi nalo lifutwe kwa kitambaa kikavu na laini. Dirisha liwe ubavuni pa mtumiaji. Likiwa nyuma yake, jua litaonekana ndani ya kioo; likiwa mbele yake, macho yatapofuka kwa mwanga. Kioo kisichong'aa kinafaa zaidi kuliko chenye mng'ao, hata kama dukani kile cha mng'ao ndicho kinachopendeza.

Jambo moja hupuuzwa katika miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi peke yao. Katika ofisi ya kijiji kiwambo ni baraza. Ramani ikifunguliwa, mwenye shamba huinama upande mmoja, jirani yake upande wa pili, na mzee husimama nyuma akinyoosha fimbo. Vioo vya aina ya TN, ambavyo ni rahisi kuliko vyote, hubadilisha rangi mtu akivitazama kutoka pembeni: kijani cha mmoja huwa kahawia kwa mwingine, na kila mmoja huapa kuwa ameona kweli. Vioo vya IPS, teknolojia iliyoletwa na Hitachi katika miaka ya 1990, huonyesha rangi ile ile pande zote. Mwuzaji aulizwe waziwazi ni aina gani, na mnunuzi asimame pembeni ajionee mwenyewe.

Wapo wanaopendekeza runinga ya 4K ya inchi 43 badala ya kiwambo, kwani mara nyingi bei hukaribiana. Ina vitone 102 kwa inchi, kwa hiyo herufi zake si safi kuliko za kiwambo cha wastani, lakini eneo lake ni pana na watu kumi wanaweza kuizunguka. Runinga nyingi, zisiporekebishwa, hupunguza taarifa za rangi ili kuokoa nafasi kwenye kebo, na maandishi mekundu juu ya nyeusi huonekana yamechafuka. Katika orodha ya mipangilio hutafutwa hali iliyokusudiwa tarakilishi, na tatizo huisha kwa nyingi kati yake. Kwa kuonyesha ramani mbele ya mkutano ni chaguo zuri. Kwa karani anayekaa mbele yake siku nzima, shingo itakataa.

Dukani, iwe ni Garissa au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kiwambo kiwashwe kabla ya kulipiwa. Ufunguliwe ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, na kutafutwa vitone vilivyokufa au vinavyowaka bila kuzima. Watengenezaji wengi hawabadilishi kiwambo kwa kitone kimoja. Daraja wanalolifuata huruhusu hitilafu chache kwa kila vitone milioni moja, na kwa kuwa 4K ina vitone zaidi ya milioni nane, kinachoruhusiwa huongezeka mara nne ya Full HD. Kisha ufunguliwe waraka wenye herufi ndogo, na hatimaye mipangilio ya Windows itazamwe kama inaonyesha 3840 kwa 2160 na hezi 60. Ikionyesha 30, kosa liko kwenye kebo au tundu, na ni afadhali kulijua pale kuliko Chewele.

Dhamana iandikwe kwenye risiti, pamoja na mahali ambapo kiwambo kitapokelewa kikiharibika. Dhamana ya miaka mitatu inayotekelezwa Nairobi pekee humaanisha safari ya kupitia Madogo, Mwingi na Thika, na kurudi, kwa gharama ya mnunuzi. Kisanduku na maboksi yake ya povu visitupwe. Kikisafirishwa kwa basi, kiwambo kisimame wima, kioo kikielekezwa kwenye kitu bapa na laini kama godoro, kisilazwe chini ya mizigo. Kioo kilichoshinikizwa na gunia katika barabara yenye mashimo hupasuka ndani bila kuonyesha ufa nje, na hakuna dhamana inayofidia hilo. Msimu wa mvua za masika na vuli, barabara ya Garissa inapoweza kukatwa na maji karibu na Madogo, wenye haraka ndogo hungoja wiki chache.